Tukimaliza, Imeisha

Kigali, 8 Mei 2023

Maman Nzigire mpendwa,

Nakusalimu wewe na bamama wote wa banda la mpakani.

Makala imetoka! Kurasa thelathini na moja, kwa Kifaransa, katika jarida la sheria ambalo wenzangu kitivoni hulisoma wakiwa wamekaa wima. Nakala yako iko ndani ya bahasha hii. Nimeikabidhi kwa watu wa basi la Kamembe, maana wewe ndiye uliyeniambia, "Mambo ya maana usiniletee kwa simu. Simu inazima, karatasi haizimi."

Walimu wa sheria tumeandika miaka mingi juu ya mahakama peke yake, kana kwamba haki haikai ila kwenye majengo yenye bendera. Mimi nimeandika juu ya mabenchi manne chini ya bati, hatua mia mbili kutoka daraja la Rusizi, mahali ambapo wewe na wenzako mnasikiliza ugomvi wa wachuuzi wa nchi mbili, Kongo na Rwanda, na kuumaliza kabla mpaka haujafungwa. Vikao kumi na kimoja nilivyokaa nanyi vimo vyote. Majina nimeyaficha kama nilivyoahidi. Wewe ni "Bi N." Gracia wa samaki sambaza, aliyekanyagwa mguu na lori la Fuso, ni "Bi G.", na Papa Osée mwenye Fuso ni "Bwana O."

Mkuu wa kitivo ameniambia kwamba kwa makala hii nitapandishwa kuwa profesa mshiriki mwezi wa tisa. Alipotoka ofisini kwangu nilifunga mlango nikacheza kidogo. Usimwambie mtu.

Najua Kifaransa cha kisheria ni kigumu. Ukitaka, nitakuandikia muhtasari kwa Kiswahili, kurasa mbili tu, uwasomee wenzako.

Mwanao,
Gaju Mutabazi

*

Cyangugu, 17 Mei 2023

Mwanangu Gaju,

Bahasha ilifika, haikuloa. Aksanti.

Muhtasari usijisumbue. Kabla ya kuuza vitenge nilifundisha shule ya msingi kule Kadutu, Bukavu, miaka kumi na moja, kwa Kifaransa, na kuna wakubwa leo ng'ambo ambao mimi ndiye niliwashika mkono wakaandika majina yao mara ya kwanza. Nimesoma kurasa zote, na yale maelezo ya chini pia, unayoyaandika kwa herufi za sisimizi.

Umeandika vizuri. Mahali unapoeleza namna tunavyomwacha mwenye hasira aseme mpaka achoke, nilicheka, nikawaita wenzangu, nikawasomea. Walisema, "Huyu mutoto alikuwa na macho."

Sasa makosa. Ukurasa wa sita: mabenchi ni matano. La tano liko nje, la kukalia wale waliokuja kusikiliza tu, na wewe mwenyewe ulilikalia siku mbili za kwanza. Ukurasa wa tisa: hatuapishi mtu kwa Biblia. Biblia inakaa pale mezani kwa sababu upepo wa ziwa unabeba karatasi, na hatuna kitu kingine kizito.

Ukurasa wa kumi na nne ndio mkubwa. Umeandika kwamba mimi nilisema, "Tukimaliza, imeisha." Kisha ukaeleza kwamba maana yake ni hii: muntu aliyekaa kwenye kikao chetu ameacha, kwa hiari yake na kwa kujua, haki ya kwenda mahakamani. Maneno ni yangu. Maana si yangu. Irekebishe.

Mengine yote ni ya kucheka, hilo si la kucheka.

Gracia anakusalimu. Mguu bado unamsumbua.

Maman Nzigire Buhendwa

*

Kigali, 25 Mei 2023

Maman Nzigire,

Nimecheka mpaka machozi kwa Biblia ya kuzuia karatasi. Naomba radhi pia kwa ule muhtasari. Nilipaswa kuuliza kabla ya kudhani. Mabenchi nitayasahihisha nikipata nafasi.

Ukurasa wa kumi na nne, hapo niruhusu nikubishie kwa heshima. Mimi nilizaliwa Bukavu, nikaondoka nina miaka tisa, na Kiswahili chetu nakijua. Kumaliza ni kumaliza. Katika sheria, jambo lililomalizwa na wenyewe kwa hiari halifunguliwi tena, hata jaji hana la kuongeza. Mimi niliposema kikao chenu kina nguvu hiyo, niliwapandisha. Kuna wasomi wanaoandika kwamba wanawake wa mpakani wanapiga soga tu. Nimewajibu kwamba hapana, wanahukumu, na hukumu yao inafunga.

Makala ilisomwa na wahakiki wawili kabla ya kuchapwa, na wote wawili walisema ukurasa huo ndio bora kuliko yote.

Nakuheshimu sana, Maman. Lakini hii ni kazi yangu, na naijua.

Mwambie Gracia nampa pole. Nilidhani mguu ulishapona zamani.

Gaju

*

Kamembe, 6 Juni 2023

Mheshimiwa Mwalimu,

Huenda hunikumbuki. Mimi ni Gisa, niliyekaa safu ya mbele darasani kwako mwaka 2014 na kukuuliza maswali mengi mno juu ya mikataba. Sasa ni wakili hapa Rusizi, na nakuandikia kukushukuru.

Namtetea mfanyabiashara mmoja wa saruji, Osée Nzabonimana. Mwezi wa tatu alishtakiwa na muuza samaki, Gracia Muhigirwa, anayetaka agharimie upasuaji wa mguu. Mfupa wake umeoza kwa ndani, na daktari anasema bila upasuaji huenda mguu ukakatwa. Jambo la kusikitisha, nakiri. Lakini mteja wangu alikwisha kumwomba msamaha mwaka juzi mbele ya kikao cha wanawake, na mama huyo alikubali.

Nilikuwa sina namna nzuri ya kuthibitisha uzito wa kikao hicho, mpaka nilipoiona makala yako mtandaoni. Nilimsomea mteja wangu habari ya Fuso iliyorudi nyuma kwenye mteremko, na zile kreti mbili za Fanta alizotoa kwenye kikao, akasema, "Maître, huyu Bwana O. ni mimi!"

Tarehe mosi nilitoa pingamizi: shauri hili lilikwisha kwa sulhu, mdai aliacha haki yake akijua. Nikaambatisha ukurasa wako wa kumi na nne. Jaji aliusoma mara mbili palepale. Ametupa sote hadi tarehe 14 Julai tulete ushahidi wa nyongeza, kisha atasema kama kesi itasikilizwa au itatupwa. Wakili wa mdai, Maître Patricie, aliomba apewe nakala.

Ulitufundisha kwamba utafiti mzuri siku moja hutoka maktabani ukaingia mahakamani. Mimi nimeliona hilo kwa macho.

Mwanafunzi wako,
Maître Gisa

*

Kigali, 9 Juni 2023

Maman Nzigire,

Nimepata barua kutoka kwa wakili wa Papa Osée. Kwa hiyo Gracia yuko mahakamani tangu mwezi wa tatu, mguu wake unaweza kukatwa, na kinachomfungia mlango ni ukurasa nilioandika mimi.

Kwa nini hukuniambia? Uliniandikia habari za mabenchi. Uliniandikia habari za Biblia na upepo. Mguu ukautia kwenye mstari mmoja mwishoni, kama vile ni mafua!

Ningejua, nisingekujibu vile nilivyokujibu.

Gaju

*

Cyangugu, 15 Juni 2023

Mwanangu Gaju,

Ungejua, ungenijibu kwa huruma. Mimi sikutaka huruma. Nilikuambia ukurasa wa kumi na nne una kosa, na kosa ni kosa hata kama miguu yote ya Cyangugu ni mizima. Kama mwenye kauli anakuambia hukumuelewa, unahitaji mgonjwa ndipo umsikie?

Nimemaliza hasira. Sasa sikiliza, nikueleze kama nilivyokuwa naeleza batoto ya darasa la pili.

Muntu akikukosea, kunazaliwa vitu viwili. Kuna maneno, na kuna haki. Maneno ni ile hali ya kukutana njiani ukageuza uso, ya kukataa maji ya mwenzako, ya batoto wako kuambiwa wasicheze na wake. Hapa mpakani maneno yanaua haraka kuliko ugonjwa, kwa sababu leo mimi namwachia Mnyarwanda mzigo wangu bila karatasi, kesho yeye ananipigania kwenye foleni. Tukiwa na maneno hatuwezi kufanya kazi. Basi kikao kinamaliza maneno. Yakiisha, yameisha. Hakuna kuyarudia, hakuna kuyaimba sokoni.

Haki ni kitu kingine. Haki ya mguu iko kwenye mguu. Ukipona, imetosha. Ukioza, itadai, na sisi bamama hatuna nguvu ya kuufunga mdomo. Sijawahi kumkataza muntu kwenda kwa jaji. Wawili niliwasindikiza mwenyewe.

Umekulia Bukavu, kweli. Lakini ulitoka na Kiswahili cha miaka tisa, na kwa umri huo kumaliza ni kumaliza chakula.

Sasa niambie utafanya nini. Pole haitafika mahakamani.

Maman Nzigire

*

Kigali, 20 Juni 2023

Maître Gisa,

Nakukumbuka vizuri. Maswali yako hayakuwa mengi mno.

Nakuandikia kukuomba uondoe ukurasa wangu kwenye pingamizi lako. Nilitafsiri vibaya kauli ya mwenye kikao. Alisema juu ya kumaliza ugomvi, mimi nikaandika juu ya kuacha haki. Nimekwisha kumwandikia mhariri wa jarida achapishe masahihisho yenye jina langu.

Dkt. Gaju Mutabazi

*

Kamembe, 23 Juni 2023

Mheshimiwa Mwalimu,

Barua yako nimeisoma kwa heshima yote. Siwezi.

Jiweke mahali pangu. Nina mteja. Nina andiko la msomi aliyekuwepo kwenye kikao, lililopita kwa wahakiki, lililoandikwa kabla yeye hajajua kwamba kuna kesi. Sasa msomi huyo, baada ya kujua mguu ni wa nani, anasema alikosea. Kama ungekuwa jaji, ungeamini lipi? Wewe mwenyewe ulitufundisha: shahidi anayebadili kauli baada ya kuona matokeo, mwombe alete kitu kilichokuwepo kabla.

Leta kitu kilichokuwepo kabla, Mwalimu. Ukikileta nitakisikiliza, na mteja wangu atakisikiliza. Papa Osée si mtu mbaya. Ni mzee wa kanisa, na tangu kesi ianze halali vizuri. Lakini mimi niliapa kumtetea yeye.

Gisa

*

Kigali, 26 Juni 2023

Maman Nzigire,

Yule kijana ana akili, na nina uchungu kwamba nilimfundisha mimi.

Siku tatu nimekaa na sauti nilizorekodi. Kikao cha saba, cha Gracia na Papa Osée, kina saa moja na dakika kumi na mbili. Wewe unasema "Tukimaliza, imeisha," watu wanapiga makofi, na kwenye daftari langu nimeandika: mwisho. Kumbe nilifunga daftari, sikuzima kinasa sauti. Kiliendelea dakika nne zaidi.

Dakika hizo hazimo kwenye makala. Aliyeniandikia mazungumzo yote aliweka mstari mmoja tu: "Wanaagana, wanashukuriana." Nami sikuzisikiliza hata mara moja. Nimeandika kurasa thelathini na moja juu ya kusikiliza.

Sasa nimezisikia, lakini sizielewi, kwa sababu ni kwa Mashi, lugha yenu Bashi wa Bukavu, ambayo mimi sikuwahi kujifunza. Gracia anauliza kitu. Sauti yako inajibu, fupi. Gracia anasema tena. Kisha wewe, kwa Kiswahili, wazi kabisa: "Anakushukuru, Papa Osée." Papa Osée anasema kitu kirefu, kwa Mashi pia, na wanawake wote wanacheka. Halafu ni chupa tu zinagongana.

Pengine ni kuagana kweli. Pengine si kitu. Lakini ni kitu kilichokuwepo kabla. Ningeweza kumtafuta Mushi yeyote hapa Kigali anitafsirie, ila sitaki tena mtu mwingine aseme maana ya maneno yako. Nakutumia kadi ndogo ya sauti ndani ya bahasha. Nitafsirie neno kwa neno, tafadhali, hata kama ni salamu tu.

Zimebaki siku kumi na nane.

Gaju

*

Kigali, 5 Julai 2023

Maman Nzigire,

Watu wa basi wamenihakikishia kwamba bahasha uliichukua mwenyewe, tarehe 28, na ukatia saini. Nimekupigia simu mara nne.

Kama unaumwa, niambie nije. Kama umenikasirikia, niambie vilevile. Zimebaki siku tisa.

Gaju

*

Cyangugu, 8 Julai 2023

Mwanangu Gaju,

Siumwi. Simu niliiona ikilia.

Kadi niliisikiliza siku ileile, kwenye simu ya mpwa wangu, nikiwa nimekaa peke yangu nyuma ya duka. Sikuhitaji kuisikiliza. Ninayakumbuka yote tangu siku ile, na hicho ndicho nilichokuficha. Uliponiandikia kwamba kinasa sauti hakikuzimwa, nilifunga duka mapema.

Ulitaka neno kwa neno. Ni hivi.

Gracia: "Na mguu ukikataa kupona?"

Mimi: "Nyamaza. Unataka kunitia haya mbele ya papa huyu na mbele ya professeur? Kunywa Fanta yako."

Gracia: "Mimi nauliza tu. Ni mguu wangu."

Hapo Papa Osée aligeuka kutuangalia, nami nikamwambia kwa Kiswahili, "Anakushukuru, Papa Osée."

Papa Osée, kwa Mashi mbovu sana, njo maana bamama walicheka: "Hapana, Maman Nzigire. Mke wangu ni Mushi, masikio yangu yamefundishwa. Ameuliza mguu ukikataa itakuwaje. Mama, mguu ukikataa, muniite. Nitakuja."

Halafu, katikati ya kile kicheko, Gracia akasema, "Aksanti." Basi.

Unaona sasa. Uliandika kwamba Gracia aliacha haki yake akijua. Gracia hakuacha kitu. Aliuliza swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, na mimi mwenye kikao ndiye nilimwambia anyamaze. Kisha nikamdanganya papa wa watu kwa uso mkavu. Ni Osée aliyekataa uongo wangu.

Kuna na zaidi. Jumapili kabla ya kikao nilikwenda kwa Gracia nikamwambia asiwe mgumu, Osée ni mzee wa kanisa letu, na professeur wa Kigali atakuwepo, tuonyeshe kwamba tunajua kumaliza. Nilitaka uandike vizuri juu yetu. Ulipoandika vizuri, nikaanza kukufokea juu ya ukurasa wa kumi na nne, na kosa lilianzia kwangu.

Siku kumi nimetafuta njia ya kutafsiri bila ile "nyamaza" na bila ile "anakushukuru". Ningeweza. Gracia angesema kweli ni hivyo, kwa heshima. Lakini jana alipita dukani anaburuta ule mguu, harufu yake inamtangulia, akaniuliza kama vitenge vimeuzika.

Peleka yote. Maneno yangu usiyatoe. Jina langu uliandike kamili, Nzigire Buhendwa, siyo N.

Nimemwambia Gracia. Akasema, "Nilijua unakumbuka." Amekubali sauti yake isikike.

Maman Nzigire

*

Kigali, 10 Julai 2023

Maman yangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama.

Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwa Gracia alipouliza swali lile. Nilikuwa naweka kalamu kwenye mkoba. Basi tuko wawili, na tutakwenda wote wawili.

Tafsiri yako nimempelekea Maître Patricie, na nakala kwa Gisa, ili asije akashtukizwa. Kitivoni nimeliondoa faili langu la kupandishwa cheo. Mkuu alisema, "Kwa sababu ya ukurasa mmoja?" Nikamwambia makala yote inasimama juu ya ukurasa huo, na siwezi kupanda juu yake huku nikiandika kwamba umeoza. Alikuna kichwa, akasema nijaribu tena mwaka kesho. Nitajaribu, na nitapata. Hilo sina wasiwasi nalo.

Nitafika Alhamisi kwa basi la asubuhi. Unipokee nyumbani kwako, usinipeleke hotelini.

Gaju

*

Cyangugu, 5 Novemba 2023

Maman Professeur Gaju,

Ni mimi Gracia. Ninakuandikia mwenyewe juu Maman Nzigire alisema, "Mimi nimechoka kuwa mdomo wako, shika kalamu." Kiswahili changu ni cha sokoni, utanisamehe.

Miezi yote ile mulikuwa munaandikiana juu ya mguu wangu. Maman Nzigire alinionyesha barua zote. Nilizisoma siku mbili. Ni barua nzuri, lakini niliona kitu: mbele ya ile kadi ya sauti kufika, hakuna hata mumoja wenu aliyeniuliza, "Gracia, wewe ulielewa nini siku ile?" Wewe uliuliza vitabu, Maman Nzigire aliuliza roho yake, na Maître Gisa aliuliza karatasi. Mimi nilikuwa hapa tu, nauza sambaza nikiwa nimekaa. Sisemi kwa ubaya. Nasema ili kama utaandika tena, uanzie kwangu.

Siku ya mahakama wewe uliondoka mbio kuwahi basi, hukuona yote. Uliona Maître Patricie anatoa kile kinasa sauti anakiweka mezani. Uliona Papa Osée anasimama, anasema, "Msikiwashe. Nilisema. Nilisema muniite, na aliponiita nilimtuma wakili." Uliona jaji anavua miwani. Kisha ukatoka. Baada yako jaji alisema pingamizi limekataliwa, kesi itasikilizwa. Haikusikilizwa hata. Papa Osée na Maître Gisa walitoka nje na Maître Patricie, wakakaa kwenye ngazi kama batoto ya shule, na mbele ya saa sita walirudi na karatasi ya kwamba atagharimia upasuaji na dawa zote mpaka daktari aseme imetosha. Jaji aliitia muhuri. Maître Gisa alikuja kunisalimia, aliniita Maman.

Nilikatwa mfupa mwezi wa nane. Walitoa kipande kirefu kama kidole. Sasa naenda na fimbo moja, nilianza na mbili. Harufu imeisha. Hiyo ndiyo ilikuwa inanitesa zaidi, hukujua, juu muntu wa samaki akinuka watu wanafikiri ni samaki.

Masahihisho yako nimeyaona. Maman Nzigire ameyabandika ukutani kwenye banda, pamoja na jina lake kamili, na anawasomea wageni hata wasioelewa Kifaransa. Bamama wengine wanamcheka juu ya ile "anakushukuru". Sasa hivi mtu akisema uongo mdogo kwenye kikao wanamwambia, "Anakushukuru, Papa Osée!" na yeye mwenyewe anacheka. Lakini kikao kikifika mwisho, mbele ya kutoa Fanta, anauliza kila muntu: "Kuna swali limebaki?" Na anangoja. Anangoja mpaka inakuwa haya, ndipo anasema twende.

Sasa jambo ambalo limenishikisha kalamu.

Wiki iliyopita mama ya Papa Osée alikufa, kule Nyakarenzo, alikuwa mzee sana. Nilichukua pikipiki mpaka njia inapoishia, kisha nikapanda kwa fimbo kidogo kidogo katikati ya mihogo. Nilikuwa nimebeba sambaza kilo mbili zilizokauka, za kupikia watu wa matanga. Nilipofika uani watu wote waligeuka kunitazama.

Papa Osée alikuwa amekaa na wazee. Aliniona, akasimama, akaja mwenyewe kunipokea mfuko. Akaita binti yake alete kiti chenye mgongo, akakiweka karibu na mke wake. Nilimshika Papa Osée mkono na vidole viwili, sawa tunavyoshika mtu wa msiba.

Mke wake alinipa kisu, nikaanza kumenya viazi nao. Kando yangu kulikuwa na mama mumoja wa Bugarama simujui. Aliniinamia akanong'ona, "Si ndiye wewe uliyemshtaki mwenye nyumba hii? Umekuja kutafuta nini?"

Nilimwambia, "Alinikanyaga, nikamshtaki, akanitibisha. Leo amefiwa na mama. Nikae kwangu kwa nini?"

Kisha akasogeza beseni katikati yetu, tukaendelea kumenya.

Gracia Muhigirwa